Sigara ya Siku ya Pasaka



Ndugu wapendwa wasikilizaji, leo ni Dominika ya Pili ya Pasaka, ambayo tangu mwaka 2000 Kanisa huiita pia Dominika ya Huruma ya Mungu. Injili yake haibadiliki mwaka hata mwaka. Ni ile ya Yohane sura ya 20, ambamo mitume wamejifungia ndani kwa hofu, naye Bwana anaingia, anawatakia amani, kisha anawavuvia pumzi yake. Aghalabu sisi wahubiri tunakimbilia habari ya Tomaso na kidole chake. Leo tungependa kukaa kidogo kwenye pumzi. Maana wapo miongoni mwetu waliorudishiwa pumzi zao katika siku 40 za Kwaresima, na juma hili lililopita wamezipoteza tena.

Tunasema juu ya wale walioacha sigara kwa ajili ya Kwaresima.

Kila parokia inawajua. Siku ya Jumatano ya Majivu mtu hupakwa majivu katika paji la uso, na akitoka kanisani huitoa pakiti mfukoni, akaikunja pamoja na sigara zilizomo, akaitupa katika shimo la takataka. Wala hafanyi mzaha. Juma la kwanza halali vizuri, anawakaripia watoto bila sababu, anakula karanga mpaka taya zinauma. Juma la tatu anaanza kusikia ladha ya mchuzi. Juma la tano anapanda mlima wa kwenda kanisani bila kusimama njiani kuhema, na mkewe anamwangalia kwa pembe ya jicho wala hasemi neno, akiogopa kuharibu. Ndipo inafika Pasaka. Baada ya Misa kuna pilau, kuna bia, ndugu wamekuja kutoka mbali. Shemeji mtu anatoa pakiti na kumnyoshea: "Shemeji, Kwaresima imekwisha, Bwana amefufuka. Vuta moja tu, tufurahi." Naye anavuta moja. Kichwa kinamzunguka kidogo, kwa kuwa mwili ulikwisha kusahau. Jioni anavuta ya pili. Jumatatu ya Pasaka ananunua mbili dukani, za kufunguliwa, na ilipofika Ijumaa alikuwa amerudi kwenye pakiti yake nzima.

Leo asubuhi mtu huyo ama hakuja Misa, ama aliketi benchi la mwisho karibu na mlango ili harufu isimfikie katekista. Kwa sababu si mara yake ya kwanza. Mwaka jana ilikuwa vivyo hivyo, na mwaka juzi. Amekwisha kujiambia kwamba yeye ni mtu wa kuanguka, basi, na kwamba Kwaresima ijayo hataahidi kitu, asije akachekwa.

Huyo ndiye tunayetaka kusema naye leo, na pamoja naye mke wake, na katekista wake, na hata yule shemeji.

Kwanza tuondoe jambo moja lililokaa vibaya. Wapo wanaodhani kwamba aliyerudia sigara siku ya Pasaka amevunja amri ya Mungu iliyokuwa ikimfunga kwa siku 40 tu, na wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa siku 40 zimetimia hakuna neno tena. Wote hawa wanaihesabu Kwaresima kama kifungo cha mahakama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku kwa jina, pamoja na chakula, pombe na dawa, katika orodha ya vitu ambavyo fadhila ya kiasi hutuelekeza tusivitumie kwa kupita mpaka. Fadhila hiyo haiishi Jumamosi Kuu. Lakini Katekisimu iyo hiyo, namba 1735, inatufundisha kwamba mazoea yaweza kupunguza lawama ya mtu katika kile anachokitenda. Mazungumzo yetu ya leo yote yamesimama juu ya namba hizo mbili. Atakayeishika ya kwanza akaiacha ya pili atakuwa hakimu mkali. Atakayeishika ya pili akaiacha ya kwanza atamwacha ndugu yake katika moshi.

Na mazoea yenyewe si jambo dogo. Mtu akivuta moshi ndani, ile nikotini iliyomo katika tumbaku hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Hakuna mwalimu anayemlipa mwanafunzi wake upesi namna hiyo. Mwaka 1988 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitoa taarifa iliyosema wazi kwamba nikotini humfunga mtu kwa njia zinazofanana na zile za heroini na kokeini. Tena tufanye hesabu ya mkono. Mtu anayevuta sigara kumi kwa siku, na kila sigara akaivuta kama mara kumi, mkono wake umepanda mdomoni mara 100 kwa siku, mara 36,500 kwa mwaka. Ni nani kati yetu anayefanya ishara ya Msalaba mara 100 kwa siku? Basi tusishangae mkono ukijua njia ya kwenda mdomoni kuliko ya kwenda kipajini.

Sasa msikilize vizuri, ewe uliyeanguka Pasaka, kwa maana hapa ndipo penye habari njema ambayo pengine hakuna aliyekueleza. Mwili ukinyimwa nikotini huleta fujo: hasira, kukosa usingizi, njaa, kushindwa kutulia. Fujo hiyo hupanda juu kabisa katika siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka, na kwa watu wengi huwa imekwisha kwa sehemu kubwa baada ya juma la pili hadi la nne. Hesabu mwenyewe. Wewe ulikaa siku 40. Ulikwisha kuupanda ule mlima wote, tena upande wake mkali, ukaufikia uwanda wa juu. Sigara uliyoivuta Pasaka hukuivuta kwa kuwa mwili ulikuwa ukilia. Mwili ulikuwa kimya. Uliivuta kwa sababu ya kumbukumbu, na kwa sababu ya mahali, na kwa sababu ya aliyekunyoshea.

Waisraeli walifanya hivyo hivyo. Tusome Kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Wamekwisha kutoka Misri, bahari wameivuka, Farao hayupo tena nyuma yao. Hakuna anayewafukuza. Ndipo wanakaa kwenye milango ya hema zao na kulia machozi wakikumbuka samaki waliokula bure, na matango, na matikiti, na vitunguu, na vitunguu saumu. Angalieni jinsi kumbukumbu ilivyo mwongo. Inataja vitunguu, haitaji matofali. Inataja samaki wa bure, haitaji mijeledi, wala watoto wa kiume waliotupwa mtoni. Vivyo hivyo mvutaji aliyeacha, akikumbuka sigara hukumbuka ile moja baada ya chakula cha jioni, chini ya mwembe, upepo ukivuma. Hakumbuki kikohozi cha alfajiri. Hakumbuki usiku ule wa mvua alipotoka nje kutafuta duka lililo wazi. Hakumbuki kwamba ada ya mtoto ilipungua. Tunamshauri basi ndugu yetu: siku kumbukumbu ikikuletea vitunguu vya Misri, nawe itajie matofali, kwa sauti ikibidi.

Na ile "moja tu"? Hiyo ndiyo hila kubwa kuliko zote. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta, sigara moja ni sigara moja. Kwa aliyeacha, moja ni mlango. Ndiyo maana tunakereka na desturi ya kuuza sigara za kufunguliwa, mojamoja, kwa sarafu iliyobaki baada ya kununua chumvi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inaikataza, lakini sheria haisimami kila mtaa. Mtu anayejizuia hawezi kununua pakiti nzima bila kujionea haya; ile moja hainyimi mtu usingizi. Enyi wenye maduka mnaotusikiliza, ikiwa mnamjua jirani aliyeacha, mkimwambia "leo sikuuzii, baba, nenda nyumbani" hamtapoteza faida kubwa.

Petro naye alianguka wapi? Yohane anatueleza kwamba ilikuwa baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa, naye akasimama pamoja nao akiota moto. Hakuna aliyemkamata, hakuna aliyemfunga kamba. Alianguka penye joto na watu. Wengi wanaorudia sigara huangukia hapo hapo: penye karamu, penye pombe, au katika msiba usiku wa mkesha, wanaume wamekaa kwenye magogo kuzunguka moto na pakiti inapita mkono hadi mkono. Kwa hiyo atakayeacha safari hii, asiulize tu ataacha siku gani. Ajiulize safari iliyopita alianguka penye moto gani, ameketi na nani, na nini mkononi. Anguko la mwaka jana, likitazamwa bila haya, linaweza kumfundisha kuliko mahubiri yetu haya. Ikiwa ilikuwa bia, basi kwa miezi ya kwanza asionje bia, hata kama pombe si ugomvi wake. Ikiwa ilikuwa hasira baada ya kugombana na mkewe, basi wote wawili walijue hilo kabla ya ugomvi ujao. Maana utakuja.

Tumekwisha kusikia watu wakisema: "Padre, nimejaribu mara sita. Mimi siwezi." Mara sita! Mwaka 2016 walichapishwa matokeo ya watafiti waliowafuatilia wavutaji wa jimbo la Ontario, nchini Canada. Wakakadiria kwamba mvutaji wa kawaida huenda akahitaji kujaribu mara 30 au zaidi kabla ya kufaulu kukaa mwaka mzima bila sigara. Tunalitaja jambo hilo tukijua kwamba linaweza kuwavunja moyo wengine. Lakini kwa aliyeanguka mara sita lina maana nyingine kabisa: hajawa mtu wa ajabu, wala hajalaaniwa, yuko njiani pamoja na umati mkubwa. Mithali, sura ya 24, inasema juu ya mwenye haki anayeanguka mara saba na kuinuka. Hebu tuone: haikusema mvivu, wala mnafiki. Mwenye haki.

Yumkini mwingine atauliza, je, kwa mtu wa miaka 50 au 60 bado kuna faida? Si amekwisha kuharibika? Swali hili lina jibu, tena jibu lililopimwa. Mwaka 1951 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wote wa nchi yao wakiwauliza kama wanavuta sigara. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha alipoona yale ambayo uchunguzi wao wa kwanza, uliochapishwa mwaka 1950, ulikuwa ukionyesha. Wakawafuatilia madaktari wanaume 34,439, siyo kwa mwaka mmoja au miwili, bali kwa miaka 50, na Doll aliishi mpaka kuyaona matokeo ya mwisho yakichapishwa mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia kama miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50, miaka 6. Aliyeacha akiwa na 40, miaka 9. Aliyeacha akiwa na 30, karibu yote 10. Miaka 3, baba mwenye umri wa 60, si kitu cha kudharau. Ni Komunyo ya Kwanza ya mjukuu. Ni kumwona kijana wa mwisho akimaliza chuo. Na aliyeko leo na miaka 40 akangoja Kwaresima kumi nyingine ajue ni nini anachoviringisha ndani ya karatasi ile.

Hatutazungumza sana juu ya magonjwa. Mmeyasikia, na picha zake zimetundikwa katika zahanati. Tunataja moja tu ambalo watu hulisahau: kati ya watu zaidi ya milioni 7 ambao Shirika la Afya Duniani husema wanauawa na tumbaku kila mwaka, wapo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta kamwe. Walikaa tu chumba kimoja na mvutaji. Mke. Mtoto mchanga mgongoni.

Tena kuna wasikilizaji wetu wa Urambo na Tabora yote, wa Chunya, wa Namtumbo, na wa Migori ng'ambo ya mpaka, ambao wanasema moyoni: "Padre, kanisa letu limeezekwa mabati kwa tumbaku." Tunajua. Hilo ni neno zito linalotaka siku yake, na hatutalimaliza kwa sentensi mbili. Leo tunasema na anayevuta, siye anayelima. Ingawa mara nyingi ni mtu mmoja.

Sasa, ataachaje moja kwa moja, mtu aliyerudia na kurudia?

Yupo mtu mmoja wa Dublin, huko Ireland, jina lake Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856. Alikuwa kibarua, na alianza ulevi angali mtoto wa miaka kama 12. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hana senti mfukoni, alisimama nje ya baa akitumaini rafiki zake watamnunulia. Walimpita wote. Akarudi nyumbani, kisha akaenda kwa padre kuweka ahadi ya kutokunywa. Hebu sikilizeni ahadi yenyewe: hakuahidi maisha yake yote. Aliahidi miezi mitatu. Ilipokwisha, akaahidi miezi sita. Ndipo baadaye akaahidi daima, na akaishi hivyo miaka 41, mpaka alipoanguka na kufariki njiani akienda Misa, mwezi Juni 1925. Inasimuliwa kwamba baada ya kuweka ahadi, siku moja aliingia tena baa akiwa na fedha, akasimama pale. Mhudumu hakumjali, naye akatoka. Tangu siku hiyo hakutembea tena na fedha mfukoni. Tumbaku nayo aliiacha, na wanaosimulia maisha yake husema kwamba ilimgharimu kuliko pombe. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Mnaona hekima ya kibarua yule? Hakuitumaini nguvu yake. Aliujua mfuko wake. Basi nasi tuseme na mvutaji kwa namna hiyo. Usiahidi milele siku ya kwanza, wala usiape mbele ya Altare. Nadhiri kwa Mungu ni jambo zito. Anayeiweka kwa pupa, akianguka, amejitwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili ndio unaomzuia kurudi kanisani. Weka kusudi la leo, kisha la juma hili. Hata hivyo kusudi lenyewe liwe la kutovuta hata mkupuo mmoja, si la kupunguza. Na mfuko wako utazame: usitembee na kiberiti, usipite kona ile, na ikiwa mshahara unalipwa siku fulani, mpe mama watoto ile sehemu ambayo wewe na shetani mnaijua.

Bwana wetu alitoa mfano wa pepo aliyetolewa katika nyumba. Akarudi, akaikuta imefagiwa na kupambwa, lakini tupu, akaingia na wenzake saba walio wabaya kuliko yeye. Mathayo sura ya 12. Kwaresima nyingi ni kufagia tu. Tunaiondoa sigara na kuacha nafasi yake wazi: ile nafasi ya baada ya chakula, ile ya kungoja basi, ile ya mapumziko ya saa nne kazini. Siku 40 zikiisha nyumba ni safi na tupu, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akimsubiri mgeni wake wa zamani. Jazeni nafasi hizo. Uchu wa sigara, hata uwe mkali namna gani, kwa kawaida hukaa dakika chache tu kisha hupita, utimizwe au usitimizwe. Dakika hizo zinatosha tendo moja la Rozari, yaani Salamu Maria kumi, na rozari ina faida hii nyingine, kwamba inaupa mkono kazi. Asiyetaka rozari na anywe maji polepole, atafune muwa, achote jembe akapalilie matuta mawili. Mungu hatanuna.

Na kahawa? Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wa pwani wanaokaa barazani na vikombe vidogo. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kahawa upesi. Mtu akiacha sigara, kahawa ile ile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, akatetemeka, akakosa usingizi, naye akadhani ni sigara anayoikosa. Apunguze vikombe, karibu nusu, kwa majuma ya mwanzo. Ni jambo dogo, lakini tunawajua watu waliorudia sigara kwa kukosa usingizi.

Zipo pia dawa, wala si aibu kuzitumia. Wapo wanaotuambia kwamba aliye na imani hahitaji dawa ya kuacha sigara. Hao hao wakipata malaria hawangoji muujiza. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, hufaulu kama 4 tu, na kwamba ushauri pamoja na dawa huweza kuiongeza nafasi hiyo zaidi ya mara mbili. Dawa zenye nikotini ya kutafuna au ya kubandika kwenye ngozi, ambazo humpa mtu nikotini bila moshi na kumpunguzia polepole, ziliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima mwaka 2009. Mwaka 2021 ziliongezwa vidonge vya bupropioni na varenikilini. Na mwaka 2024 shirika lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuwaachisha watu wazima tumbaku. Si kila duka la dawa linazo, na bei yake yaweza kuwa kubwa kwa mkulima. Lakini ulizeni katika hospitali, zikiwemo zile za majimbo yetu. Mganga asipoulizwa hataagiza.

Kanisa lenyewe limejifunza polepole, na tuliseme bila kuficha. Kwa miaka mingi Vatikano iliwauzia wafanyakazi wake sigara kwa bei nafuu. Mwezi Novemba 2017 Papa Fransisko aliamua biashara hiyo ikome kuanzia mwaka 2018, ijapokuwa ilikuwa ikileta mapato, kwa sababu haifai kujipatia faida kwa kitu kinachoharibu maisha ya watu. Ikiwa hata pale iliwezekana kufunga mlango uliokuwa wazi muda mrefu, na tuwape ndugu zetu muda wa kuufunga wa kwao.

Turudi kwenye Injili. Tomaso hakuwapo siku ile ya kwanza. Pumzi ilivuviwa, yeye hayupo. Bwana angeweza kusema kwamba nafasi imepita, angoje mwaka ujao. Baada ya siku nane alirudi, milango ikiwa imefungwa vile vile, akamtafuta mmoja. Siku nane, yaani kutoka Pasaka mpaka leo. Kwa hiyo, wewe uliyevuta Dominika iliyopita, usiingojee Jumatano ya Majivu ya mwakani kana kwamba neema hutolewa kwa kalenda. Ile pakiti iliyobaki mfukoni, iharibu leo kabla ya kulala, uianze kesho. Mwili wako bado haujazisahau siku 40.

Na ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, tunawaomba jambo moja. Msiwatangaze walioacha, wala msiwahesabu mbele za watu. Anayepigiwa makofi leo atajificha kesho akianguka. Lakini mtu akikunong'oneza kwamba anaanza upya Jumatatu, usimngoje Jumapili. Mwendee Jumatano jioni, siku ya tatu, wakati wa baada ya chakula, saa ile ambayo mkono wake umezoea kutafuta kiberiti. Mpelekee muwa au karanga. Zungumzeni habari za mvua na mahindi mpaka usiku uingie. Usimwulize kama amevuta, atakuambia mwenyewe.